Posta Aliyoondoka Nayo Tantine

Mwezi uliopita nilikwenda mjini kutafuta dawa ya macho, nikamkuta mama mmoja ameegemeza picha ukutani, zote zimepakwa rangi kwa mkono. Moja ilikuwa ya mji wetu enzi za zamani: barabara pana, jakaranda zimechanua, magari mawili tu, na jengo la posta na ngazi zake. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Siumwi, ndugu yangu. Nilikuwa nimerudi Katuba, mtaa wetu wa utotoni, nina miaka tisa, miguu imejaa vumbi jekundu.

Miaka ile ya Katanga kujitenga na serikali ya Leopoldville, watu wazima nyumbani walizungumza kwa sauti ya chini. Sisi ni watu wa Kasai, tuliohesabiwa wageni pale, na jina letu peke yake lilitosha kukuletea maswali njiani. Lakini mimi nilikuwa na Jumamosi zangu. Kila Jumamosi tantine, mdogo wake mama, alivaa kitenge chake cha manjano chenye samaki wa buluu, akanishika mkono, tukaenda kwa miguu hadi posta. Mchumba wake alikuwa mtu wa reli kule Sakania, na kwetu barua hazikuletwa mlangoni. Ulikwenda ukataja jina lako dirishani. Tantine alilitaja lake kwa sauti ndogo, mimi nikalirudia kwa sauti kubwa, na yule bwana wa dirishani akacheka kila mara.

Barua hakuifungua palepale, ng'o! Aliitia kifuani, akaninunulia karanga za kuchemsha ili nitembee nyuma na mdomo wangu uwe na kazi. Mbele yangu nilisikia karatasi ikichanika, kisha kicheko, kisha kimya, kisha kicheko kilekile tena. Barua moja ilisomwa mara nne kabla hatujafika nyumbani. Nilimwonea wivu, nakuambia ukweli.

Ndoa ilipokubaliwa, ikawa lazima tantine ahamie Sakania. Mabibi harusi wengine huomba sufuria. Yeye alisema haendi popote bila posta. Kambo, yaani nyanya yetu, alicheka mpaka akashika mlango. Tantine hakucheka.

"Kule sijue muntu hata mumoja," alisema. "Ile posta njo inanijua."

Basi akaitwa jirani, mzee wa Maniema aliyechora vibao vya vinyozi na washonaji. Baba alikuwa na kadi ya zamani yenye picha ya posta. Mzee akagawa kadi kwa vyumba vidogo vya penseli, akagawa kitambaa cha gunia la unga kwa vyumba vikubwa vya makaa, kisha akahamisha jengo chumba kwa chumba. Gunia lilikuwa limechemshwa kwa sabuni mara tatu, lakini herufi za kiwanda cha unga zilikataa kutoka, hivyo mbingu yetu ikapata mawingu mengi kuliko kawaida. Rangi ya mbingu ilikuwa ileile ya mlango wa kinyozi. Uwanja mzima ulinuka mafuta ya rangi na sombe ya Kambo, yale majani ya muhogo, na sisi watoto tuliambiwa tusipumue karibu.

Siku mbili kabla ya treni, mzee aliweka brashi chini. Alikuwa amefika kwenye bendera. Kwenye kadi ilikuwa ya Wabelgiji, na akichora hiyo, watasema tunataka warudi. Akichora ya Katanga, baba atanuna. Akichora ya Leopoldville, jandarme, askari wa Katanga pale stesheni, watamshusha tantine kwenye treni, na Mungu ndiye anajua watampeleka wapi.

"Tuache muti butupu," mzee akasema.

Tantine akaruka. Posta isiyo na bendera imefungwa, kila mtu anajua! Nani atampa barua kwenye posta iliyofungwa? Akaanza kulia kweli, na mimi nikalia kumsindikiza.

Kambo aliingia ndani, akarudi na kile kitenge cha manjano, akamtupia mzee magotini. "Paka hii, mze. Hii haiko ya serikali."

Na mzee akapaka. Samaki watatu wa buluu, juu ya posta ya mji, wanapepea.

Stesheni, jandarme alikunjua picha mbele yetu wote. Kambo alirudi nyuma ya baba, na ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa ameogopa siku zote zile.

"Ye maman, hii drapeau iko ya inchi gani?" akauliza, kidole juu ya bendera.

"Iko ya nyumba yangu, chef," tantine akasema. "Minaenda kuolewa."

Yule mtu aliangalia samaki, akaangalia kitenge alichovaa tantine, samaki walewale. Akacheka, akawaita wenzake waje kuona, akaikunja picha mwenyewe, taratibu, asiivunje rangi. Treni ilipoondoka tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka.

Kuanzia hapo barua zilikuja kutoka kwa tantine, kwa jina langu. Wageni wake, aliandika, wanauliza nchi yenye bendera ya samaki iko wapi, na yeye anawaambia: kwetu. Nilipanda zile ngazi kwa kukimbia, kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka, hata nilipokuwa na watoto wangu.

Leo mzee wa Maniema hayupo, Kambo hayupo, na gari moshi nalisikia mara chache. Tantine tulimzika Sakania. Jengo la posta nililiona siku ileile, nikitoka kwa yule muuza picha. Nilipanda ngazi polepole, nikafika dirishani, na msichana aliyekaa pale akaniuliza nataka nini. Nikamtajia jina langu, kwa sauti kubwa.