Turbo Niliyoichomelea

Shule sikuimaliza, ila ubishi ninao wa kutosha, na safari hii umeniaibisha.

Mwanangu Masanja ni fundi wa injini hapa Nyegezi. Mgongo ulimlaza mwaka mzima. Juzi amepata mteja wake wa kwanza tangu apone, mwenye lori la samaki anayetaka kuundiwa injini yenye nguvu. Masanja alitafuta turbo ya kuifaa, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, mpaka akachoka. Aliyoichagua ina vibati vidogo ndani. Alinieleza kwamba lori likienda polepole vinajibana ili injini ipate pumzi, na mwendo ukikaza vinafunguka. Mimi nilikuwa napepeta mchele, nikaitikia tu.

Jana alipovuka kwenda Sengerema, niliishika ile turbo. Vibati vikacheza. Nikasema, mwanangu ameuziwa kibovu. Kwangu jembe likicheza kwenye mpini, linakazwa. Nikaibeba mpaka kwa mchomeleaji.

"Shikamoo bibi. Una hakika hivi havitakiwi kucheza?"

"Marahaba. Wewe choma! Mimi nimezaa fundi."

Akachoma.

Leo mwenye lori amekuja kuona turbo ikifungwa. Masanja akasukuma kwa kidole kimkono cha turbo kinachovichezesha vile vibati. Hakikwenda. Akasukuma kwa nguvu, jasho likamtoka.

"Mama, nani ameshika hii?"

Nikajibu kwa sauti, ili mgeni ajue mama wa fundi naye anajua kazi: "Ni mimi. Nimevichomelea vyote. Havitacheza tena."

Mwenye lori alimtazama Masanja, kisha akatoa simu, akaita watu waje kulivuta lori lake walipeleke kwa fundi mwingine.