Kiholanzi cha Mama Msumeno

Machinjioni kwetu hakuna mtu anayesema akasikika. Msumeno wa umeme ukishawashwa, ng'ombe wakilia zizini na kulabu zikigongana kwenye reli ya juu, hata ukimtukana msimamizi mbele ya uso wake atakuitikia kwa tabasamu. Nimefanya hivyo mara nyingi na nafsi yangu ikaridhika. Kwa hiyo sisi tunasema kwa mikono. Kidole kikipita shingoni, maana yake kata hapa. Kikishuka kutoka bega hadi goti, maana yake mzoga huu unagawanywa vipande vidogo. Mgeni akituona kwa mbali atadhani tunaapiana kuuana.

Mimi kazi yangu ni kuosha matumbo. Wananiita Mama Utumbo na jina silikatai, maana ndilo linalonilisha. Huyu ninayewasimulia tulimwita Mama Msumeno. Kabla yake mashine ile ilishakula vidole vya wanaume wawili, na wa pili alizimia huku amekishika kidole chake kwenye kiganja kama mtu aliyeokota sarafu. Baada ya hapo kila mwanamume akawa na mgongo unaouma. Ndipo akaja yeye, kimwanamke chembamba, nusu ya ng'ombe ina uzito wake mara mbili, akaomba aproni na gambuti. Aliupasua uti wa mgongo wa fahali kuanzia mkiani hadi shingoni bila kuyumba, mifupa inamrukia usoni, damu inamtiririka kwenye viwiko, naye anatazama mstari wake tu. Msimamizi hakuuliza swali la pili.

Mumewe alikuwa mwashi. Hodari, sikatai. Kuta zake zilinyooka. Aliyepinda ni yeye. Alimpiga mkewe kwa kuchelewa na alimpiga kwa kuwahi. Alimpiga kwa kutozaa, na mwezi mmoja mke alipopitisha siku zake kisha zikaja, akampiga kwa kumpa matumaini. Mama Msumeno akija kazini jicho limevimba, tunaambiwa ni mlango. Mkono haunyanyuki, tunaambiwa aliteleza bafuni. Aliyasema hayo kwa Kiswahili kwa msimamizi na kwa Kiingereza kwa daktari, tena kwa ufasaha, maana shule alisoma hadi kidato cha nne.

"Shoga," nilimwambia siku moja, "huo mlango wenu una ngumi?"

Alicheka, kisha akashindwa kumalizia kicheko chake.

Msimgeukie na lile swali la kwa nini hakuondoka. Aliondoka. Alikimbilia kwao mara mbili, na mara mbili kaka zake walimrudisha kwa mumewe, wamemshika mikono kama mbuzi anayerudishwa zizini. Mama mkwe akamwambia, "Vumilia, mwanangu, hata mimi nilipigwa." Utadhani kipigo ni kito cha ukoo, sharti kila mke avishwe. Msimamizi naye alikuwa na msemo wake: ya nyumbani yaishie nyumbani. Watu wa namna hii wananipandisha mori hadi leo.

Basi zikaja habari kwamba kampuni moja ya nyama ya Uholanzi inatafuta wakataji wazoefu. Walitaka mtu anayejua Kiingereza cha kuelekezwa, na juu yake maneno ya mwanzo ya Kiholanzi, kwa sababu kule msumeno ukikwama mtu anakupigia kelele kwa lugha yake, hana muda wa kukutafsiria. Mtahini wao angekuja baada ya miezi michache kuwasikiliza wanaotaka.

Tulipokaa kunywa chai aliniambia bila kupepesa. "Dada, nikibaki pale ataniua. Sisemi kwa hasira. Ataniua, halafu atanijengea kaburi zuri."

Tangu siku hiyo alivaa kisikilizio kimoja cha simu ndani ya yale makopo ya kuzibia masikio. Humo bibi mmoja mpole alisema neno kwa Kiingereza, akalisema kwa Kiholanzi, kisha akanyamaza kumngoja. Mama Msumeno aliniambia kwamba Mwingereza na Mholanzi ni ndugu waliogombania urithi, kila mmoja akaondoka na nusu ya vyombo. Mkono ni hand kwa wote wawili. Maji ni water kwa wote wawili. Ukishafurahi kwamba lugha ni rahisi, wanakugeuka: ng'ombe anakuwa koe, kisu kinakuwa mes, na ikija ile sauti ya kukwaruza koo unajikuta unakohoa kama aliyekwamwa na mfupa.

Yule bibi wa simu alipenda kufundisha vijiko, maua na hali ya hewa. Hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Yaliyobaki ni yale yaliyopita kwenye msumeno. Shingo ilipokatika alisema nek. Ubavu, rib. Alipofungua kifua alisema hart kwa moyo, long kwa mapafu. Ini lilipoanguka mezani kwangu likiwa bado lina mvuke, akanipigia kelele sikioni, lever, nami nikaitikia lever, na figo zikaja, nier, nier, mbili. Damu ilikuwa bloed, na hilo alilisema mara nyingi kuliko jina lake. Kwa muda wa wiki chache tulichinja Kiholanzi kizima pale.

Kosa lake ni kwamba aliupeleka mkono wa kazini nyumbani.

Ilikuwa Jumapili mchana, Mwashi amelala kwenye mkeka, tumbo wazi. Mtihani ulikuwa Jumanne. Mama Msumeno alitaka kujipima bila ng'ombe, na mwili uliokuwepo mle ndani ni ule mmoja tu. Akasimama juu yake. Kidole kikapita shingoni, taratibu: nek. Kikashuka begani: schouder. Kikasimama juu ya moyo, kikazunguka ini, kikateremka gotini. Mwashi alifumbua macho kidole kikiwa kinarudi shingoni.

Mume wa mkataji nyama, hata awe mjinga kiasi gani, anajua kidole kile kinasema nini. Na hapa kulikuwa na maneno asiyoyajua, yanasomwa juu ya viungo vyake kimoja kimoja. Mara moja akaamini mawili: kwamba mkewe anamroga, na kwamba akimaliza kumroga atamkatakata. Pembeni palikuwa na pimamaji, ule mti wa chuma anaoulaza ukutani kuona kama umenyooka. Aliuzungusha akiwa bado amekaa. Ulimpata mkewe kwenye taya, na mlio wake, aliniambia baadaye, aliutambua kutoka kazini. Alimpiga tena mgongoni alipoanguka, na tena alipotambaa kuelekea mlangoni. Akamaliza kwa kumkanyaga mkono na kumwambia kwamba kazini haendi tena, na mdomo ule hautasema tena lugha za mashetani.

Jumatatu hakuonekana. Jumanne asubuhi nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya chumba cha kunolea visu, kichwa kimefungwa kanga kutoka kidevuni hadi utosini, uso umevimba upande mmoja. Alikuwa ametoka kwa kupitia dirishani. Nilitukana matusi yote niliyorithi, na mengine nikayatunga papo hapo.

"Na mtihani ni wa kusema," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa kwamba anajua. Machozi yalimtoka lakini alishaanza kuvaa aproni.

Mtahini alikuwa mama wa Kiholanzi, mrefu, mabega ya kubeba magunia, na gambuti zake mwenyewe. Aliwahi kukata nyama. Nililiona hilo kwenye vidole vyake, maana kimoja kilikuwa kifupi. Kwanza akatoa onyo kwa Kiingereza na msimamizi akalitafsiri: kwenye kampuni yao anayemwelekezea mtu kisu, kazi yake imekwisha saa hiyohiyo, hata awe na sababu gani. Kisha akaanza kuwaita. Wanaume wawili walijaribu wakakwama kwenye maneno ya ng'ombe na kondoo.

Ilipofika zamu ya Mama Msumeno, msimamizi akasema, "Huyu hawezi, madam. Aliteleza. Tuendelee na mwingine."

Nilimpiga kikumbo nikapita. Kiingereza changu ni cha kuombea njia tu, lakini nilimwonyesha Mholanzi ule msumeno, nikayaziba masikio yangu, nikamwonyesha mikono yetu. Hapa hatusemi. Wewe sema, yeye ataonyesha. Mholanzi alimtazama aliyefungwa kanga, akautazama mzoga uliokuwa ukining'inia, akasema neno la kwanza.

Kisu kikagusa shingo. Neno la pili, kikagusa ubavu. Mholanzi akaongeza mwendo, nek na rug, yaani mgongo, na schouder na hart, na kisu kikawa kinafika kabla neno halijaisha. Figo zikatoka, ini likatoka, mkia ukaanguka sakafuni. Mholanzi akaanza kutabasamu kwa pembe ya mdomo. Mimi nilikuwa nalia, ndoo ya matumbo mkononi, bila aibu yoyote.

Ndipo mlango wa mizoga ukasukumwa.

Mwashi hakupoteza muda kwa maneno. Alimshika mkewe kwa fundo la kanga, akamvuta nyuma hadi miguu ikateleza kwenye damu, akampiga ngumi ya mbavu, ya pili, ya tatu. Msumeno ulikuwa umezimwa tangu mtihani uanze. Katika utulivu ule tukasikia ngumi jinsi zinavyolia zikiingia mwilini. Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Mama Msumeno. Tumbo la Mwashi lilikuwa mbele ya ncha yake, hatua haifiki, na kila mtu pale alijua kwamba mkono ule hukifikia kilichomo ndani kwa mkato mmoja. Nilimwona anamtazama mumewe, kisha anamtazama Mholanzi. Kisha akafungua vidole, kisu kikaanguka kwenye ndoo ya maji ya moto.

Yeye ndiye aliyekatazwa kuelekeza kisu. Mimi sikukatazwa mpira wa maji.

Mpira wa kuoshea matumbo una presha ya kubandua kinyesi kilichokauka. Niliufungua wote nikamlenga machoni. Akamwachia mkewe, akaziba uso, nikaushusha mpira hadi magotini mwake, akateleza. Alipotaka kuinuka nikamfunika kichwa kwa ndoo yangu na vilivyokuwemo. "Karibu kazini, shemeji!" nilimwambia. Wachunaji wanne wakamwangukia, na sitawadanganya kwamba walimshika kwa upole. Nilisikia jino lake likigonga sakafu. Mmoja akamkalia mgongoni, mwingine akamfunga mikono kwa kamba ya ndama, na mimi nikampa teke moja la ziada, alipokee kwa niaba ya watu wote wanaosema vumilia.

Msimamizi alikuwa ametokwa jasho. Akamgeukia mgeni, Kiingereza kikimtoka kwa haraka, mengi nilifasiriwa baadaye: ni mambo ya mke na mume, madam, huku kwetu hutokea, na uso ule si kazi ya mtu, mwanamke aliteleza bafuni, mwenyewe atakwambia.

Mholanzi alipiga goti kwenye maji ya damu, akamuuliza Mama Msumeno kwa Kiingereza imekuwaje. Nikaona mdomo wake uliovimba unaanza kuliumba jibu lilelile la siku zote, la kuteleza. Lilikuwa tayari, limelainika kwa kutumika. Mholanzi akainua mkono kumsimamisha. Mtihani bado haujaisha, akasema. Nijibu kwa Kiholanzi.

Niliyajua maneno yote aliyokuwa nayo, maana yalipitia mezani kwangu. Ndani yake hamkuwa na bafu, wala sabuni, wala mlango. Hakuwahi kujifunza kuteleza. Alikuwa na viungo vya mwili, na damu, na yale machache ya mwanzo kabisa ambayo yule bibi wa simu humfundisha kila mtu, yangu, yake, mume, mke. Akatafuta humo, na humo uongo haukuwemo.

Akaishika taya yake kwa mkono mmoja ili isiachane.

"Mijn man," alisema, na damu ikamtoka na neno. Akamwelekeza kidole yule aliyelala chini. "Zijn hand." Kisha akajigusa usoni. "Mijn kaak. Mijn bloed."

Mume wangu, mkono wake, taya yangu, damu yangu: kila aliyepita shuleni alielewa, hata walioishia darasa la nne. Msimamizi akatazama buti zake. Mholanzi akarudia maneno yale taratibu, moja moja, kama anayeyapokea mkononi, akasema yapo sawasawa. Akamwambia msimamizi aite polisi na gari la hospitali, kwa mpangilio huohuo, na amwambie mwanamke huyu kwamba nafasi yake ipo, itamngoja hadi mfupa uunge.

Mwashi alikuwa ameinua shingo kutoka kwenye maji machafu. Macho yalikuwa mekundu, yanatoka kwa mkewe yanakuja kwangu.

"Kasema nini?" akaniuliza. "We mama, kasema nini huyo?"

"Kakutaja," nikamwambia.

Akaanza kutetemeka, na hakuna aliyekuwa akimgusa tena.