Mchaichai wa Posa ya Shangazi

Mwaka jana nilirudi mtaani kwetu Isevya, nikapita kwenye nyumba ya bibi. Nyuma yake pamejengwa vyumba vya kupangisha. Zamani pale palikuwa na bustani yake ya mchaichai, mrehani na nanaa, aliyoimwagilia maji ya kuoshea vyombo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na majani ya chai yaliadimika. Tulipanga foleni dukani tukarudi na chumvi tu. Bibi hakujali. Alikata mchaichai asubuhi umande ukikauka, akauanika barazani kivulini, kisha akauhifadhi kwenye makopo ya maziwa ya unga.

"Jua linakula harufu," alisema kila mara.

Kazi yangu ilikuwa kugeuza majani. Mwaka ule yalikuwa ya wageni: watu wa mtaa wa Ipuli walikuwa wanakuja Jumapili kumposa shangazi, na bibi alikuwa amekata bustani nzima, vikabaki visiki. Alhamisi wenzangu wakaniita tukacheze rede. Nikaona kugeuzageuza kutanichelewesha, nikautoa mkeka juani ili majani yakauke upesi, nikakimbia.

Mvua ya kwanza ya mwaka ikashuka nikiwa katikati ya mchezo. Niliporudi, nusu ya majani ilikuwa mtaroni, nusu imelowa chepechepe. Shangazi alikuwa mlangoni, machozi yanamlengalenga.

"Bibi, ni mimi niliyeyatoa juani," nikasema.

Bibi akainama, akauinua mkeka. "Haya, mke mwenzangu. Okota yaliyobaki, uyaoshe. Yakilala hivi yataota ukungu."

Jirani yetu, mke wa Mhindi mwenye duka, alikuwa amesikia yote. Akaingia na kikaango kipana. "Bibi, makaa yako yakianza kufa, tuyakaushe majani taratibu humu."

Tulikaa hadi magharibi, mimi nikigeuza kwa vidole, safari hii bila kuinua kichwa. Mikono ilinuka mchaichai siku mbili. Jirani alitoa iliki kutoka akiba yake ya nyumbani, akazitwanga, akachanganya.

Jumapili wageni walikunywa, wakaomba tena. Mzee wao akauliza, "Majani haya mmeyapata duka gani?"

"La mjukuu wangu," bibi akajibu, akanikonyeza. Nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Bibi amefariki, na yule jirani alihama na familia yake. Duka lao sasa linauza simu. Chai ninayokunywa hutoka kwenye vipakiti vyenye uzi. Shangazi yupo, ana wajukuu saba. Nikimwambia posa yake iliokolewa na kikaango, anakataa katakata: anadai mumewe alikuja kwa ajili ya uzuri wake. Mumewe, masikini, husubiri ageuke, kisha ananinong'oneza, "Ile chai ilikuwa tamu sana."