Redempta na mablanketi sita ya nguo za marehemu Lucia

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya Majengo, mjini Sumbawanga. Redempta Sikazwe amevaa masweta mawili na kofia ya sufu. Ameinama juu ya pasi ya mkaa, ananyoosha pindo la blanketi la sita. Mengine matano yamekwisha kukunjwa na kupangwa juu ya benchi, kwenye kibaraza cha duka anapofanyia kazi. Ameyafunika kwa shuka safi vumbi lisiingie.

Leo hatulii. Mara mbili ameiacha pasi na kwenda kuchungulia barabarani.

"Walisema watatoka Mpui na Noah ya kwanza ya abiria," anasema. "Wakiyakataa haya mablanketi, mimi kazi hii basi. Nitarudi kutandika mitumba chini."

Anaowasubiri ni ukoo wa marehemu Lucia, mama mkulima wa Mpui aliyefariki dunia Februari mwaka huu. Mablanketi hayo sita yameshonwa kwa nguo zake. Redempta alizikata nguo hizo zote kabla ukoo haujakaa kuzigawana, na kosa hilo limemnyima usingizi tangu Aprili.

Redempta, ambaye mtaani humwita Mama Leonsi, ana umri wa miaka 46, na ni mama wa watoto watatu. Alijifunza cherehani kwa masista akiwa binti, kisha akaolewa Kirando, huko ziwani, ambako kwa miaka mingi aliuza dagaa. Waliporudi Sumbawanga na mumewe alianza kuuza masweta ya mitumba.

Kila belo lilibaki na masweta ambayo hakuna aliyeyataka: yaliyotoboka viwiko, yaliyopoteza vifungo, yaliyorefuka mkono mmoja. Wenzake waliyafanya matambara ya kupigia deki. Yeye aliona sufu.

"Huku kwetu Juni na Julai baridi inaingia mpaka kwenye mifupa," anasema. "Halafu mtu anatupa sweta! Nikasema hapana, hili likilala katikati ya vitambaa viwili ni blanketi."

Hivyo ndivyo anavyofanya hadi leo. Juu anaunganisha viraka vya vitenge na kanga kuukuu, katikati anatandaza masweta yaliyokatwa vipande, chini anaweka shuka la zamani. Kisha anapitisha mishono mirefu juu ya vyote ili sufu isikusanyike upande mmoja. Blanketi moja humchukua siku tatu hadi nne, naye huliuza Sh35,000. Msimu wa baridi alikuwa akiuza hadi sita kwa mwezi. Kitambaa cha miavuli iliyovunjika hukigeuza mikoba ya shule isiyopitisha mvua, na mifuko ya mbolea huishona kuwa vikapu vya sokoni.

Lakini kilichompa jina Majengo ni nguo za marehemu. Baba yake mzazi alipofariki, Redempta aligawiwa makoti mawili. Hayakumtosha, na kuyauza aliona aibu. Aliyafanya blanketi. Jirani akaliona, akaleta kanga za bibi yake. Baada ya hapo watu walikuja wenyewe.

"Wengine wanafika hapa hawasemi kitu. Wanaweka mfuko mezani wanalia," anasema. "Nawaacha. Wakimaliza ndiyo tunaongea vipimo."

Machi mwaka huu alifika Debora, binti wa mwisho wa Lucia, mwenye umri wa miaka 29, akiwa na mfuko wa salfeti umejaa. Ndani mlikuwa na vitenge kumi na kimoja, masweta matatu na sare ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ambayo mama yake aliivaa kanisani kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Aliomba blanketi moja kubwa. Alilia sana. Redempta hakuuliza kitu. Alichukua mkasi.

Katika ukoo wa Lucia, nguo za marehemu hazitoki nyumbani mpaka siku ya kumaliza msiba. Siku hiyo ndugu hukaa, begi likafunguliwa mbele ya wote, na kila nguo ikatajiwa mtu wa kuichukua. Kuikata kabla ya hapo ni kama kusema marehemu hakuwa na wenzake.

Debora alilijua hilo. Anasema aliogopa.

"Niliona kitenge kimoja kitaenda Mpanda, kingine Mbeya, kingine kitapewa mtu asiyejua hata mama alikinunua lini," anaeleza. "Nilitaka mama akae mahali pamoja."

Siku ya kikao, Aprili, begi lilifunguliwa likakutwa tupu, na Debora akakiri alikozipeleka nguo. Kesho yake asubuhi Bibi Hellena, mwenye umri wa miaka 71, wifi wa marehemu na msimamizi wa kikao hicho, alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha Redempta. Mezani alikuta viraka mia moja na arobaini vya mraba, vimepangwa kwa rangi.

"Aliniuliza, 'Nguo hizi tumegawana lini?'" anakumbuka Redempta. "Nikaangalia mkasi, nikaangalia vile viraka. Nilimwonea huruma mtu mmoja nikasahau kwamba marehemu alikuwa na watu."

Bibi Hellena alitaka nguo zirudi kama zilivyokuwa. Kitu hicho hakikuwezekana, na kila aliyepita barabarani alisikia ugomvi huo.

Habari ikaenea. Wateja waliokuwa wameahidi kuleta nguo hawakuonekana tena. Mei nzima Redempta aliuza blanketi moja tu. Vijana wa bodaboda walipata mzaha mpya.

"Akipita mama na kanga iliyochakaa wanamwambia, 'Mama, kimbia, fundi anakupima!' Na yule mama anaitikia kwa sauti, 'Mama Leonsi, usiniangalie hivyo, bado nipo hai!'" Redempta anacheka, kisha anaacha kucheka. "Mchana nilicheka nao. Nyumbani sikucheka."

Mwishoni mwa Mei alifunga kibaraza siku mbili, akaenda Mpui. Alimwomba Bibi Hellena ruhusa ya kushona upya: kila mtu mwenye haki ya kugawiwa apate blanketi lake, na kila blanketi liwe na kipande cha kila nguo ya Lucia. Sufu, mashuka na uzi vitatoka kwake. Bibi Hellena hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Shona. Tutakuja kuona."

Redempta hakurudi mjini siku hiyo. Alizunguka kwa majirani wa marehemu, nyumba kwa nyumba.

Noah inasimama saa tatu kasoro. Anashuka Bibi Hellena, mwembamba, mgongo umenyooka, amejifunga blanketi la dukani mabegani. Nyuma yake wapo Christopha, mtoto wa kwanza wa Lucia, na Debora, ambaye anabaki nyuma hatua kadhaa.

"Shikamoo, bibi," Redempta anapiga goti.

"Marahaba. Hujambo, fundi? Mmeamkaje huku kwenye baridi yenu?"

"Tumeamka salama. Karibuni mkae. Chai ipo."

"Chai baadaye. Nimekuja kuona."

Bibi Hellena anaondoa shuka mwenyewe. Analifungua blanketi la kwanza, analitandaza kwenye mkeka, anapiga magoti. Vidole vyake vinatembea juu ya viraka, kimoja baada ya kingine, na anavitaja kwa sauti ndogo. Hiki alikivaa ubatizo wa Debora. Hiki cha harusi ya Christopha. Hiki ni cha shambani, ona rangi ilivyokwisha. Anapofika katikati anasimama. Ni kipande cha sare ya WAWATA, bluu, kimezungushiwa mshono mara mbili.

"Hiki tungekigombania," anasema.

"Tungepigana kabisa, shangazi," anasema Christopha.

"Wewe ungeivaa wapi sare ya akina mama?"

Watu wawili watatu waliosogea kutazama wanaangua kicheko. Debora hacheki.

Bibi Hellena analigeuza blanketi, anavuta mishono kwa kucha kuijaribu, analikunja. Kisha anaanza kuhesabu yaliyo kwenye benchi. Anahesabu tena.

"Fundi, watoto wa Lucia ni watano. Hapa naona sita. La sita la nani? Lako?"

Mtu wa duka la jirani anaacha kufagia.

"La Nyanda, bibi," anasema Redempta.

Nyanda ni mtoto wa wafugaji Wasukuma waliohamia karibu na Mpui miaka ishirini iliyopita. Mama yake alifariki akiwa mdogo, na baba yake alipokuwa mbali na ng'ombe, Lucia ndiye aliyemlisha, akamlaza na wanawe, akampeleka shule. Leo ni baba wa familia, na ni mmoja wa waliochimba kaburi la Lucia.

"Nani alikwambia habari za Nyanda?"

"Majirani zenu. Siku ile nilipokuja Mpui nilipita kwao nikauliza: nani analia akimtaja Lucia? Nyumba nne zilinitajia Nyanda."

Christopha ameinamisha kichwa, anafuta macho kwa mkono wa koti.

"Sisi wenyewe kwenye kikao tulibishana juu yake," anasema Bibi Hellena. "Wengine walisema si damu. Begi lilivyokuwa tupu, neno lake likaishia hewani." Anaketi kwenye benchi. "Haya. Lete hiyo chai. Na wewe Debora, utasimama huko mpaka lini? Njoo uchukue la kwako. Christopha atakuchagulia, si wewe."

"Asante, shangazi."

"Usinishukuru. Mwaka mzima utanichotea maji nikija kwenu."

Wanakunywa chai ya tangawizi. Wanazungumza Kifipa, kisha Kiswahili, kisha Kifipa tena. Bibi Hellena anauliza kama sweta la katikati haliwashi. Anauliza likifuliwa linakauka siku ngapi. Anauliza inakuwaje Mama Leonsi, fundi mzima, anafanya kazi kwenye kibaraza cha mtu. Ndipo anasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Mwezi ujao tunamaliza msiba wa shemeji yangu, hukohuko Mpui. Makoti yake ni mengi na wajukuu ni wengi. Uje na mkasi wako. Tutagawana kwanza, halafu atakayetaka akatiwe, utakata mbele yetu sote. Nani atakusema tena?"

Noah inapoondoka, mablanketi matano yako ndani, na la sita amelibeba Bibi Hellena mwenyewe mapajani. Amesema atalifikisha kwa Nyanda kwa mkono wake.

Redempta anarudi kwenye cherehani, lakini hashoni. Anapanga safari kwa sauti: cherehani itapanda juu ya gari, mbao za meza ataazima kulekule, pasi ya mkaa ataishika mkononi. Kabla ya Krismasi anataka kupangisha chumba hapa Majengo na kuwafundisha kina mama wawili kushona viraka, ili mmoja abaki dukani yeye anapokwenda vijijini. Na hatakata tena nguo ya marehemu kabla hajajua waliokaa kuigawana ni akina nani.

"Kwenye msiba wetu anaitwa mpishi, inaitwa kwaya, anaitwa mwenye maturubai," anasema, akipuliza mkaa wa pasi. "Nataka ifike siku, watu wanapanga kumaliza msiba, halafu mmoja anashtuka anauliza: jamani, na fundi je, ameitwa?"