Karai la Mama Mwenye Nyumba

Mume wangu alikuwa mpishi wa mafundi wa Kichina kwenye kiwanda cha nguo, Morogoro mjini. Lilipokuja soko huria kiwanda kikauzwa, Wachina wakarudi kwao, naye akabaki na ufundi wa kukaanga nguruwe. Baa moja ikamwambia aje Jumatatu waonje mkono wake. Basi Jumamosi akataka kujaribu kwanza. Wapi? Nyumbani, katika nyumba ya Mwislamu.

Nilikataa, akanicheka. Mama mwenye nyumba alikuwa msibani Mikese, na tungepikia chumbani. Mimi ni mtu wa hofu, nakiri, lakini chumba kile ndicho tulichokuwa nacho, na mama yule alinichukua kama mwanawe. Akitufukuza tungekwenda wapi?

Akakata nyama nyembamba, akailaza kwenye sosi ya soya na tangawizi ya Kinole, akaipaka unga wa muhogo. Mafuta lazima yafuke moshi kwanza, alisema, ndivyo Wachina wanavyotaka. Nyama ilipoingia ikapiga kelele, roho yangu ikaruka. Nikatoka kuchungulia mlango wa uani, nikarudi, nikatoka tena. Harufu ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyonitisha. Niliporudi alikuwa anamwaga hoho za Mgeta, na hapo ndipo nilipoliona karai.

Lilikuwa la mama. Humo alikaanga maandazi kila alfajiri, na nusu ya mtaa, Waislamu watupu, walikunywa nayo chai. Katika nyumba ile kinu, mbuzi ya nazi, karai, mtu alichukua tu akarudisha. Mume wangu aliona sufuria yetu nyepesi ingeunguza, mkono wake ukaenda ulikozoea. Alipogundua, akakaa chini.

Baadaye akasema tulisugue kwa sabuni na majivu, turudishe, tunyamaze. Nilimkasirikia. Yaani kesho mashehe waje kula maandazi ya humo, nami nawapa shikamoo? Mficha uchi hazai. Mama aliporudi nikapiga magoti, nikamweleza yote.

Hakupandisha sauti. Aliuliza nani mwingine anajua, nikasema hakuna. Akajifunga kanga kiunoni, akachota udongo safi, akaliosha karai mwenyewe mara saba, mara ya kwanza kwa ule udongo, kama dini yake inavyoagiza. Nilitaka kumsaidia akanizuia kwa mkono. Alipomaliza akaliinamisha juani, nami nikapumua, nikidhani yamekwisha.

“Kwa Mungu limeshatakata, mwanangu,” akasema. “Waliobaki ni watu.”

Majirani walikuwa wameshaanza kuuliza habari ya harufu. Mtaa ukijua, alisema, nani atanunua andazi lake tena? Na yale maandazi ndiyo yaliyomlisha tangu awe mjane. Akatuomba tuhame kabla mwezi haujaandama, maswali yaondoke nasi. Alisema “tafadhali”, na neno hilo liliniuma kuliko tusi.

Tulihama Alhamisi. Mume wangu alikuwa amekwenda baa ile Jumatatu, akakuta wameshaajiri mtu. Mama alisimama barazani tukipakia godoro kwenye mkokoteni, akawatangazia majirani kwamba mume wangu kapata kazi kubwa na tumepata nyumba karibu na kazini. Wakatupongeza. Mmoja akanishika mikono, akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina.