Kufuli la Milimani

Wanawake wa kikundi chetu cha kufuma sweta waliniita Karani, nusu heshima, nusu dhihaka. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu tu misheni, lakini hakuna mwingine kati yetu aliyejua kuandika. Sijui kama kazi ile ilinifaa. Hata leo sijui.

Alhamisi moja alikuja mama mmoja, mkono wa kushoto ndani ya plasta, kwa mkono mzima akimwongoza binti yake wa miaka miwili. Mumewe, mpishi wa Wazungu kule Milimani, ndiye aliyemvunja kwa rungu. Mama yule alitaka jambo moja tu: wazee wa baraza la lokesheni, mtaa wetu wa Waafrika, wamwachie mtoto wake. Bibi aliyetuongoza, mwenye nyumba pale Bondeni, alimpa kitanda, kisha akanigeukia.

"Karani, andika. Wazee wakiona karatasi hawatabisha sana."

Nikaandika. Lakini sikutulia. Nilikuwa nimemsikia mmoja tu, na nikasema hivyo.

"Sasa unataka kulisikia na rungu nalo?" Bibi akaniuliza. Wenzangu wakacheka.

Nilikwenda Milimani. Nilimkuta yule mpishi kwenye mlango wa jikoni, anamenya viazi. Alinipa chai. Hakukana. "Nilikosa, mama," alisema, macho yakamjaa maji, na siwezi kusema yalikuwa ya uongo. Kisha akaongeza: "Lakini yeye amekwambia alimfungia mtoto chumbani kwa kufuli? Nilirudi mchana nikamkuta amejikojolea, sauti imekauka."

Nikaandika na hilo. Niliona haki imekamilika.

Siku ya baraza nilisoma yote, ya mke na ya mume. Nilipofika kwenye kufuli, mzee mmoja aliinua mkono.

"Mama, ulimfungia?"

"Nilimfungia, lakini..."

"Basi. Tumesikia."

Mume alionywa asipige tena. Mtoto akapewa yeye. Alimbeba mabegani kwa upole, lazima niseme hivyo, na mtoto akalia akigeuka kumtafuta mamake.

Nje, yule mama alikuwa akifunga nguo zake kwenye leso kwa meno na mkono mmoja.

"Usirudi kule," Bibi alimsihi. "Tutakwenda kwa bwana shauri, yule Mzungu wa serikali."

"Na leo mtoto atalala na nani?"

Hapo ndipo nilipomuuliza kwa nini alimfungia. Hapo, si kabla.

"Ni siku hiyo hiyo aliyonivunja. Yeye alikuwa ameenda kuwapa Wazungu chai. Mimi nilikwenda hospitali, mkono unaning'inia. Ningembeba na nini? Ningemwacha azurure barabarani?" Akaweka kifurushi kichwani. "Hukuandika uongo, Karani. Ndiyo maana sijui hata nikutukane vipi."

Akaanza kupanda kilima, nusu anatembea, nusu anakimbia, kwa sababu mumewe alikuwa ametangulia mbali na mtoto.