Nakala ya Kina cha Maji

Nakumbuka siku moja niliyopaswa kukataa, mwanangu, nami nikakubali.

Nilikuwa naandika programu za kuendesha pampu za visima, katika karakana moja ya mtaa wa Makole, mjini. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Mengine nilijifunza kazini. Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya kisima cha kijiji changu mwenyewe, upande wa Haneti, alikoishi mke wangu, Tabu.

Ndani ya kifaa cha pampu mna rejista, yaani vijisanduku vya namba: kasi ya mota, joto, kina cha maji. Kukiuliza kifaa kila mara kunachelewesha, kwa hiyo nilitunza nakala za baadhi ya namba hizo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, nimezipanga kama mti: ndogo kushoto, kubwa kulia, na mti unajisawazisha wenyewe ili tawi moja lisirefuke kupita jingine. Ukitafuta namba, unaipata papo hapo. Ulikuwa mti mzuri. Hata leo siutukani.

Ila kasi ya mota niliipanga mimi. Kina cha maji hupangwa na kisima, na nakala yake huchakaa bila wewe kujua; hicho sikukitia kwenye mti.

Tajiri wetu, Mzee Salumu, akaja kusimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona skrini imeganda kama ugali wa jana? Kamati ya maji inakuja kesho!"

"Kipimo cha kina kinajibu polepole. Waya wake ni mrefu."

"Kitie nacho kwenye huo mti wako."

Rehema, fundi mwenzangu, akaguna. "Baba, kisima kikikauka, mti utasema kimejaa."

"Kiangazi kiko mbali, binti yangu. Atarekebisha."

Nikakitia. Skrini ikakimbia, kamati ikapiga makofi. Sikurekebisha.

Kiangazi kilipokaza, maji yalishuka, na programu, badala ya kuizima pampu, ikaendelea kusoma namba ya masika. Pampu ikazunguka kavu mpaka mota ikaungua. Wanawake wakarudi korongoni kufukua mchanga kutafuta maji. Shimo likabomoka Tabu akiwa chini. Walipomfikia, alikuwa ameshakata roho.

Mwanangu, kabla hujatunza nakala, jiulize nani mwingine anaweza kubadilisha namba ile. Akiwapo, kiulize kifaa chenyewe, hata kikichelewa, hata tajiri akikusimamia kichwani. Mungu akupe kifua cha kukataa, na akutunzie walio nyumbani kwako.

Mimi niliridhia, na mke wangu akafa kwa ajili hiyo.